Vijiko Viwili vya Mama Pazia

Mama Pazia alikuwa mkweli katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa mafuta ya kupikia.

Katika kazi yake ya kushona mapazia hakuwa na mchezo. Akikuambia kitambaa ulichochagua kitachuja rangi juani, basi ujue kitachuja. Akisema dirisha lako linataka mita nane, ni nane. Hakuongeza nusu mita ya kwenda kujishonea foronya, kama walivyozoea mafundi wengine. Wateja walimwachia funguo za nyumba ili apime madirisha wakiwa kazini, na hakuna aliyerudi akakuta hata kikombe kimesogezwa. Lakini mwanamke mwenzake akimwuliza mchuzi wake anautia mafuta kiasi gani mpaka unakuwa vile, Mama Pazia alishusha macho, akajibu kwa sauti ya mtu asiyependa kujisifu: "Vijiko viwili tu."

Na mchuzi wenyewe haukuwa wa kusimuliwa, ulikuwa wa kuliwa. Kitunguu hukukiona, kilikuwa kimeyeyuka na kuacha utamu wake. Nyanya zilikuwa zimeiva mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa nyanya. Harufu ya bizari ilikupokea kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, na yeye alikaa ya tatu. Juu ya mchuzi kulikuwa na utando mwekundu unaong'aa, na mtu mwenye macho yake mawili angeutazama utando huo akajua kuna jambo. Ila watu huona walichoambiwa. Waliambiwa vijiko viwili, wakaona vijiko viwili, na ule mng'ao wakaambiwa ni wa nyanya.

Wanawake wa jengo lile walikwenda kujaribu. Vitunguu vikashika chini ya sufuria, bizari ikaungua, wakakimbilia maji, wakaishia na maji ya njano yenye viazi ndani. Hakuna aliyevishuku vijiko. Kila mmoja alijishuku mwenyewe. Aliyehangaika kuliko wote ni jirani wa ukuta mmoja na Mama Pazia, mke wa kinyozi, ambaye kwa wepesi wake wa kupokea habari na kuzitangaza aliitwa Mama Redio. Huyo kila jioni mwiko wake ulisikika ukikwangua sufuria, kwaru, kwaru, kama mtu anayechimba kisima kwenye mwamba.

Uongo huo haukuzaliwa kwa ubaya. Mama Pazia alipoolewa, miaka thelathini na sita nyuma, aliingia kwenye nyumba iliyotawaliwa na mama wa mumewe, ambaye jamaa wote walimwita Bibi Funguo kwa kuwa funguo za kabati la jikoni hazikuwahi kutoka kiunoni mwake, hata akiwa anaoga walizisikia zikigonga ndoo. Kila siku alifungua kabati, akatoa chupa ya mafuta, akapima vijiko viwili kwa mkono wake mwenyewe, akavimwaga sufuriani, akafunga kabati na kwenda kukaa. Bibi harusi akaachiwa sufuria kavu, kuku mzima na watu saba wa kulisha.

Kwao alikuwa amefundishwa kwamba kitunguu hukaangwa, hakichemshwi. Wiki ya kwanza alipika mchuzi ambao hata yeye aliona haya kuupeleka mezani. Wiki ya pili akapata kazi yake ya kwanza, kupinda mapazia ya jirani, na alicholipwa akanunulia chupa ya mafuta, akaificha kwenye mtoto wa meza ya cherehani yake, kando ya kile kichupa kidogo cha mafuta ya mashine. Bibi Funguo siku moja aliifungua droo akitafuta sindano, akaiona chupa, akauliza. Bibi harusi akamjibu kwamba ni ya cherehani. Mama mkwe akashangaa ukubwa wake. Akaambiwa kwamba chuma kikifanya kazi sana kina kiu. Akaridhika, na kwa siku kadhaa akawa anamsihi mkwewe asiichoshe ile mashine.

Mchuzi ukabadilika. Bibi Funguo akaonja, akafumba macho, kisha akachukua sifa zote. Alimweleza kila aliyesimama kumsalimia kwamba amemfundisha mkwewe kubana matumizi na matokeo yake ndiyo haya, vijiko viwili, njooni muonje. Aliwaeleza wanawake kwenye foleni ya hospitali. Alimweleza fundi bomba. Baada ya nusu mwaka uongo ulikuwa umeota meno na ndevu, na kuusema ukweli kungekuwa ni kumfanya mama mkwe kichekesho mbele ya mtaa mzima. Basi akanyamaza. Bibi Funguo akazeeka, akafariki, kabati likang'olewa kufuli, chupa ikatoka kwenye droo na kusimama jikoni kama chupa nyingine. Uongo haukutoka. Wakati huo ulikuwa umeshaanza kumnogea.

Sasa twende kwenye kuvunjika mkono.

Alikuwa kwenye chumba cha daktari wa meno, juu ya kigoda, akitundika mapazia ya kijani. Ilibaki pete moja ya mwisho. Badala ya kushuka akasogeza kigoda, yeye akajinyoosha, kigoda kikaenda upande wake na yeye upande wake, na fimbo na mapazia yote vikamfuata chini. Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti, kinywa wazi na vyuma ndani, aliona kila kitu tangu mwanzo na hakuweza kumwonya. Mkono wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Ukafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, akaambiwa wiki sita.

Mwanawe wa pekee alikuwa mji wa mbali akifunga nyaya za umeme. Mumewe, mzee aliyefanya kazi miaka arobaini kwenye kiwanda cha kupiga chapa, aliweza kuchemsha chai na hapo ndipo upishi wake ulipokomea. Huyo alipanga herufi za maneno ya watu wengine kwa muda mrefu kiasi kwamba ya kwake yalibaki machache, na aliyatoa kwa uangalifu. Kwa hiyo akaja mkaza mwana, mke wa yule kijana wa umeme, kukaa nao mpaka plasta itolewe.

Mkwe huyu alifanya kazi maabara, kwenye hospitali ileile alikofungwa plasta. Kutwa nzima alipima damu za watu tone kwa tone. Alikuwa mpole na mwenye utaratibu, hata sahani alizipanga kwa ukubwa. Na alikuja na jambo lake moyoni. Tangu aolewe, mwaka wa nne sasa, alikuwa akiutafuta mchuzi wa mama mkwe wake kama mtu aliyeangusha pete mchangani. Mumewe hakuwa mkorofi. Alikula alichopikiwa, akashukuru, ila kila mara akamalizia kwamba ni mzuri, isipokuwa siyo kama wa mama. Kwa sababu ya hayo maneno matano mkwe alishabadilisha sufuria, akabadilisha muuza bizari mara tatu, mwishowe akabadilisha hata jiko, lile la zamani akampa dada yake. Mchuzi ukabaki vilevile, mbichi katikati na umeungua pembeni.

Sasa angeuona ukipikwa kwa macho yake. Jioni ya kwanza aliingia jikoni na daftari.

Mama Pazia alikaa kwenye kiti kando ya jiko, mkono umening'inizwa shingoni kwa kipande cha pazia. Mkwewe aliuliza kama vijiko ni vya kawaida au vilivyojaa. Akamjibu kwamba mafuta hayarundikani. Mkwewe akaona ni kweli, akaandika. Akamimina kijiko cha kwanza, akamimina cha pili, sawasawa, bila kuzidisha tone, akatia vitunguu.

Vikalia kidogo, vikanyamaza, vikaanza kushika.

Mama Pazia alivumilia kadiri alivyoweza. Ilikuwa kama kumtazama mtu akikata kitambaa chako kwa mkasi butu. Mwishowe akasema, kwa upole, nenda kamuulize baba yako kama leo anataka pilipili. Mkwewe akatoka. Mkono wa kushoto, ambao siku mbili nzima ulishindwa hata kufunga kifungo, ukaruka ukakamata chupa, ukafungua kifuniko kwa meno na kumimina kama unazima moto. Mkwe aliporudi kusema kwamba baba anataka kidogo, chupa ilikuwa mahali pake na vitunguu vimelainika vinang'aa.

Akastaajabu. Akauliza yametoka wapi mafuta yote haya.

"Vitunguu, mwanangu," akasema Mama Pazia. "Ukivipa nafasi vinatoa mafuta yake."

Akayasema hayo bila kupepesa, na mkwe wake, aliyesoma kemia miaka mitatu, akayaandika.

Mchuzi wa siku ile ulitoka kama ule wa siku zote. Mkwe alikula taratibu, machozi yakimlengalenga, akasema amepika yeye, jamani, kwa mkono wake. Keshoye ikawa hivyohivyo, na siku ya tatu, na ya nne. Kila vitunguu vilipoanza kushika, alitumwa kwa mzee kuuliza habari ya pilipili. Siku ya tatu mzee alijibu kwamba kama jana. Siku ya tano hakungoja kuulizwa. Aliposikia nyayo tu alisema "kama jana" na kuendelea na gazeti lake.

Lakini ukimdanganya mtu anayeandika, uongo wako nao unaandikwa. Mkwe hakuwa akiandika vijiko na vitunguu peke yake. Aliandika kila kilichofanyika jikoni, na baada ya siku tano akapitia daftari lake na kuona kitu ambacho hakuna mpishi aliyewahi kumwambia: kila mara mchuzi ulipokuwa mzuri, yeye alikuwa ametoka jikoni kwa dakika mbili. Akaelewa. Siri ilikuwa kuviacha vitunguu peke yake. Yeye alikuwa anavisimamia mno.

Akawaalika wenzake wanne wa maabara nyumbani kwake Jumamosi. Akatia vijiko viwili, akatia vitunguu, akatoka na kusimama koridoni akiwa ameshika saa. Dakika mbili kamili. Aliporudi, moshi ulikuwa umefika mlangoni kumpokea. Hakukata tamaa, akaanza upya, akatoka tena. Wageni walikula kwa heshima. Mmoja aliuliza kama kuna mkate.

Jumapili alirudi kwa wakwe zake na kumsimulia Mama Pazia yote, bila kuficha, hata ile ya kusimama koridoni akitazama saa na majirani wakimpita na kumsalimia. Hapo Mama Pazia ilibidi aume ndani ya shavu ili asicheke. Kisha mkwewe akaendelea. Alisema mwaka jana aliwahi kukaa chini jikoni akalia kwa ajili ya sufuria ya mchuzi, halafu akaona aibu kwamba mtu mzima analilia sufuria. Alisema sasa ameelewa kwamba mikono haifanani, kuna aliyepewa na kuna ambaye hakupewa, na yeye hatajaribu tena. Mume wake atakula vya kuchemsha. Aliyasema bila uchungu, kama anavyomsomea mgonjwa majibu yake, akainuka kwenda kufua.

Kicheko cha Mama Pazia kikamwishia shavuni. Alikaa pale akiitazama plasta yake. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha dirishani nyuma ya gazeti, na ilikuwa rahisi kusahau kwamba yupo.

"Cherehani yako ilikuwa na kiu sana enzi zile," akasema mzee.

Mama Pazia aligeuka.

"Ulidhani chupa moja ilikuwa inakaa miezi miwili?" Gazeti halikushuka. "Nilikuwa naijazia."

Miaka thelathini na sita. Mama Pazia alikumbuka jinsi alivyokuwa akishangaa, msichana wa miaka ishirini na miwili, kwamba ile chupa ya kwenye droo ina baraka, haimaliziki. Akamwuliza kwa nini hakusema. Mzee akasema yeye alikuwa anamwogopa mama yake, na mkewe pia alikuwa anamwogopa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia. Akakunja gazeti, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga ngumi mezani.

"Mama tulimwogopa. Huyu mtoto unamwogopea nini?"

Siri ya mtungi, walisema wa zamani, aijuaye ni kata. Mama Pazia aliinuka akiwa ameamua kusema ukweli jioni ileile. Na angesema, ila mazoea yana nguvu kuliko nia. Mkwewe aliingia jikoni kwa ajili ya mchuzi wa wazee tu, siyo wa kujifunza, bila daftari. Vijiko viwili. Vitunguu. Vilipoanza kushika, mdomo wa Mama Pazia ulijifungua wenyewe:

"Nenda kamuulize baba yako..."

"Nimeshamuuliza, mama. Kama jana."

"Basi katazame kama mlango umefungwa."

"Umefungwa."

Akamtuma giligilani, giligilani ilikuwa mezani imeshakatwa. Mkwewe hakuwa na kiburi chochote usoni. Alisimama tu mbele ya jiko, mwiko mkononi, na hakuondoka. Kule kwenye kufua alikuwa amefikiri, kama alivyofundishwa kazini, kipimo kikitoka vibaya tafuta ni kitu gani kimetofautiana. Kijiko kilikuwa kilekile, vitunguu vilevile, dakika mbili zilezile. Kitu kimoja tu kilikuwepo jikoni humu na kule kwake hakikuwepo, na kitu hicho kilikuwa kimekaa kwenye kiti na plasta mkononi.

Vitunguu vikaanza kugeuka rangi pembeni. Harufu ikabadilika. Wote wawili waliisikia na hakuna aliyesogea. Mama Pazia alitazama sufuria, akamtazama mkwewe, akaitazama tena sufuria, na kusema kweli sufuria ndiyo iliyomshinda.

"Mimina," akasema.

"Nini, mama?"

"Mafuta. Weka hicho kijiko chini, shika chupa."

Mkwewe akashika chupa, akainamisha kidogo, akamtazama.

"Bado."

Akaongeza.

"Bado, mwanangu. Usiyaogope, hayaumi."

"Mama, hii ni nusu kikombe."

"Bado kidogo. Haya. Basi."

Vitunguu vikaamka. Vilianza kuchezacheza, vikabadilika taratibu, vyote kwa pamoja, mpaka vikawa na rangi ya ngozi ya mkate. Na Mama Pazia, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha, alifundisha kama mtu aliyefunguliwa bandeji ya mdomo. Alisema kitunguu saumu na tangawizi viingie sasa, wala siyo kabla. Alisema bizari itiwe kwenye mafuta yakiwa bado yanaonekana, kwa sababu bizari haivi kwenye maji, inalowa tu. Alisema nyanya zikaangwe mpaka mafuta yarudi pembeni ya sufuria. Hayo yanayorudi ndiyo yanayokuambia kwamba zimeiva, na usipoyatia tangu mwanzo nani atakuambia? Kisha kuku, kisha maji. Na mwisho kabisa moto upunguzwe, sufuria iachwe itulie, mafuta yatapanda juu yenyewe, uchukue upawa uyaengue kadiri upendavyo. Hakuna aliyelazimishwa kuyala yote. Yale yaliyoenguliwa kesho utaungia maharage.

Mkwewe alifuata yote hayo. Alipomaliza kuengua alifunika sufuria, akaenda kuchukua daftari lake, akafungua ukurasa wa siku ya kwanza, na kwa rula akapiga mstari juu ya maneno *vitunguu vinatoa mafuta yake*.

"Miaka minne, mama," akasema.

"Najua."

"Jiko langu lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima, mwanangu. Nisamehe."

Mkwewe alifunga daftari. Mezani alikula akiwa amekunja uso, akaongeza mchuzi, akala huku bado amekunja, akaongeza tena. Mzee alitazama kutoka kwa huyu hadi kwa huyu, akaona ni busara kujishughulisha na mfupa. Baada ya kuosha vyombo mkwe alikuja na sharti lake: Mama Pazia awaambie wanawake wa jengo zima. Kwa sauti yake, na yeye akiwepo. Mama Pazia alisema heri angeambiwa avunje na mkono wa pili. Mkwewe akasema kwamba huo hauhitajiki.

Hazikupita siku tatu, Mama Redio akaja na majirani wengine wawili kumjulia hali. Mama Pazia aliwangoja wakae, wapewe chai, kisha akasafisha koo na kuwaambia kila kitu. Aliwaambia habari za Bibi Funguo na kabati, chupa ya kwenye droo, cherehani yenye kiu, na kwamba hakuna siku hata moja katika maisha yake aliyopika mchuzi kwa vijiko viwili.

Wale wanawake waliweka vikombe chini. Kisha Mama Redio akacheka, cheko la huruma, akamshika bega lile zima. Aliwageukia wenzake akasema dawa za maumivu hizi si mchezo, hata mama yake mdogo zilimfanya aseme ameolewa mara tatu. Mkwe akaapa kwamba mama amesema kweli. Mama Redio akamwinamia na kumnong'oneza, kwa sauti iliyofika mpaka ngazini, kwamba yeye ni mgeni kwenye ukoo huu na bado hajamjua vizuri mama mkwe wake: amezeeka, mkono umevunjika, anaogopa kupitwa, sasa anataka wenzake wote wajaze mafuta waharibu michuzi yao. Wenzake wakaafiki kwa vichwa. Wakamalizia chai, wakamtakia afya, wakaondoka, na jioni ile kupitia ukutani, kwaru, kwaru, kwaru.

Mkwewe alikuwa ameshakimbilia jikoni, na Mama Pazia alipomfuata alimkuta ameinama juu ya sinki, mabega yanatetemeka. Akadhani analia. Hakuwa analia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na Mama Pazia, plasta na yote, akakaa chini kando yake, wakacheka mpaka mzee akaja kusimama mlangoni kuona kama kuna aliyeumia. Hakuna aliyesema neno la msamaha tena baada ya hapo.

Plasta ikatolewa kwa wakati wake. Mkwe akarudi kwake, na mumewe naye akarudi kutoka kwenye nyaya. Ilisimuliwa baadaye kwamba siku ya kwanza aliketi, akala matonge mawili, akaacha kutafuna. Akauliza kama mama amekuja. Akaambiwa hajaja. Akala tena, kisha akainuka na kwenda kutazama nyuma ya mlango wa jikoni.

Kuhusu Mama Redio, Mama Pazia alijitahidi kumwacha na maisha yake. Ila ule mwiko wa ukutani ulimnyima raha. Kila ulipokwangua alihisi dhamiri yake ndiyo inayokwanguliwa. Jioni moja alichukua futi yake, akagonga, akasema amegundua dirisha la sebuleni kwa jirani yake linadai pazia jipya na yeye atampimia bure. Akampa Mama Redio ncha moja ya futi, akamwambia aishike kwenye kona ya juu, asiiachie hata kidogo maana kipimo kitapotea. Mama Redio akapanda kwenye kochi, akashika. Mama Pazia akaunyoosha utepe mpaka kona ya pili, akauacha uning'inie, akapitiliza jikoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshakuwa mtaalamu. Aliporudi aliandika namba mbili tatu, akashukuru na kwenda zake.

Kinyozi alikula sahani tatu siku ile. Keshoye alinyoa watu akipiga mluzi. Mama Redio si mjinga. Alipoosha sufuria na kuitazama chupa yake, alijua chupa imeshuka, hata kama hakutaka kujua ni nani aliyeishusha. Wiki haikuisha akaja kwa Mama Pazia, akafunga mlango nyuma yake na kumwambia kwamba yeye, kwa kuhangaika kwake, amefanya ugunduzi: mafuta yalikuwa hayatoshi. Amekwisha kuwaambia wanawake wote wa ghorofa ya chini. Akamshauri Mama Pazia naye aongeze kidogo, asione haya, hakuna anayezaliwa anajua. Mama Pazia akamshukuru sana na kumwuliza aongeze kiasi gani. Mama Redio akasema huo ni uzoefu wa mtu, hauelezeki, akaenda.

Kifundo cha mkono hakikurudi kama zamani, kwa hiyo siku hizi Mama Pazia anashona tu, kutundika anatundika kijana wake akiwa likizo. Mkwe huja Jumamosi. Wanapika wote wawili, wanabishana juu ya tangawizi, na siku moja mkwe alikuja na mfuko wake wa kazini akasema kwa kuwa mzee amekula mafuta miaka thelathini na sita bila kuandikiwa, ni vizuri apimwe damu. Mzee, ambaye hakuwahi kuogopa kitu baada ya mama yake kufariki, aliona sindano, akaingia msalani na kufunga kwa komeo.

Wanawake wakavuta viti viwili, wakakaa mbele ya mlango wa msalani. Walizungumza kuhusu kitambaa cha mezani. Mkwe alikisia kwamba atatoka mchuzi ukishaiva, Mama Pazia akasema haitafika hapo, bizari ikiingia tu kwenye mafuta atatoka. Mkwe akaenda kuitia, na kabla hajakaa tena kwenye kiti chake walisikia komeo likivutwa.